Mwenyeji ni Nani? Safari ya Kivumishi Kimoja cha Kiingereza katika Buhaya

Miezi kadhaa baada ya maziko ya baba, ukoo ulikutana nyumbani kwetu Kibeta. Kabla wazee hawajafika, sisi tuliotangulia tulifungua sanduku lake la mbao. Ndani yake mlikuwa na vitu vya kawaida vya mzee wa kahawa: kadi ya chama, stakabadhi za kodi, picha mbili za harusi zilizofifia, na bunda la karatasi za mauzo ya kahawa lililofungwa kwa kamba ya mgomba. Karatasi ya juu ilikuwa na jina la chama kwa herufi kubwa: Bukoba Native Co-operative Union.

Binti wa mdogo wangu, ambaye yuko mwaka wa pili chuoni, alilisoma kwa sauti, kisha akaniuliza: "Baba mkubwa, hawa 'native' ni akina nani? Ni sisi?"

Kwa kuwa kujibu maswali ni kazi inayonilisha, sikukawia. Nikamwambia ni wenyeji. Akauliza mbona katika riwaya za Kizungu wanazosomeshwa neno hilohilo ni la dharau. Nikamwambia basi ni wazawa. Akasema mhadhiri wao wa lugha hulitumia kwa sifa kubwa: msemaji wa kuzaliwa wa Kiingereza ndiye kipimo, na wao wote ni wanagenzi. Nikaona nisijitie aibu zaidi, nikanyamaza. Makala haya ni jibu ambalo sikuweza kumpa siku ile. Nayaandika pia kwa sababu ya jambo tulilokuwa tumekutania, ambalo nitalirudia mwishoni: kibanja cha shangazi yangu.

Tuanze na chimbuko. "Native" ni neno la Kilatini lililoingia katika Kiingereza, na mzizi wake ni kitenzi cha kuzaliwa. Kwa maana hiyo ni ndugu wa maneno yetu mzawa, mzaliwa na mzalendo, ambayo yote yananukia kuzaa. Hakuna tusi katika kuzaliwa. Lakini hata huko Ulaya neno hili lilikuwa na nyuso mbili tangu zamani. Katika hati za Kilatini za Uingereza ya zama za kati, "nativus" aliitwa mkulima aliyezaliwa katika utwana: mtu aliyefungwa katika shamba la bwana wake, asiye na ruhusa ya kuondoka, na ambaye watoto wake walirithi hali yake. Wahenga wetu walisema mkataa kwao mtumwa. Katika mashamba ya mabwana wa Uingereza mambo yalikuwa kinyume: mtumwa alikuwa yule aliyezuiwa kuondoka kwao. Na kutoka katika neno hilohilo la Kilatini, Wafaransa walipata neno lao la mtu mwepesi wa kuamini, asiyeijua dunia, ambalo Waingereza nao waliliazima.

Kwa hiyo Mwingereza aliposema nchi yake ya kuzaliwa au lugha yake ya kuzaliwa, kivumishi kilikuwa cha fahari. Alipokigeuza kuwa nomino na kumwita mtu mwingine kwacho, kilishuka hadhi. Ndiyo kanuni ya kwanza ninayotaka wanafunzi wangu waishike: maana ya neno hili hutegemea mno nani anasema na anasema juu ya nani. Anayejisemea hujisifu, na anayesemewa hupangiwa mahali pake.

Sasa tulifuate neno hili hadi kwetu. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Tanganyika ilikabidhiwa Uingereza chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, na hati ya udhamini ikathibitishwa mwaka 1922. Kifungu cha 6 cha hati hiyo kiliagiza kwamba katika kutunga sheria za ardhi, mdhamini azingatie sheria na desturi za wenyeji na kulinda haki zao. Ardhi ya wenyeji isihamishwe kwenda kwa wasio wenyeji bila idhini ya mamlaka. Hapa kivumishi kilikuwa ngao. Ukilinganisha na Kenya, ambako nyanda za juu zilitengwa kwa ajili ya walowezi, huwezi kudharau ngao hiyo. Sheria ya Ardhi ya 1923, pamoja na marekebisho yake ya 1928, ilitambua kuwa mwenyeji au jamii ya wenyeji inayotumia ardhi kwa mujibu wa sheria na desturi zao ina haki ya kuikalia.

Lakini ngao ilikuwa na upande wa ndani. Ili sheria imlinde mwenyeji, ilipaswa kwanza kumtaja ni nani. Sheria ya kufasiri maneno ikasema kwamba "native" ni mtu wa jamii ya Kiafrika, na ikaongeza kuwa Mswahili na Msomali wamo. Msomaji atazame vizuri. Mahali pa kuzaliwa hapatajwi popote. Mtoto wa Kihindi aliyezaliwa Bukoba mjini, nyuma ya duka la baba yake, hakuwa "native" wa Tanganyika hata kama hajawahi kuona bahari. Mtu aliyevuka kutoka Ruanda-Urundi juzi kuja kupalilia migomba ya Wahaya, yeye alikuwamo. Na kule kutajwa kwa Mswahili na Msomali kunaonyesha kuwa mpaka haukuwa wazi hata kwa walioutunga. Kenya, mwaka 1919, ilitungwa sheria maalumu ya kuwaondoa baadhi ya Wasomali katika fungu hilo, kwa sababu wao wenyewe walijua kuwamo kuna gharama gani.

Gharama yenyewe ilikuwa nini? Gavana Donald Cameron alileta Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya 1926, ambayo iliwafanya machifu kuwa mikono ya serikali. Mwaka 1929 ikafuata sheria ya mahakama za wenyeji. Chini ya sheria hiyo, rufaa ya mwenyeji haikwenda Mahakama Kuu. Ilipanda kwa mkuu wa wilaya, kisha mkuu wa jimbo, hadi kwa gavana. Mawakili hawakuruhusiwa kumtetea katika mahakama hizo. Mwenye kukusanya kodi, mwenye kutoa amri na mwenye kusikiliza rufaa walikuwa watu wa nyumba moja. Kwa hiyo "native" halikuwa neno la kueleza mtu ametoka wapi. Lilikuwa neno la kuamua anahukumiwa na nani, kwa sheria ipi, na mlango upi umefungwa mbele yake. Hiyo ndiyo hoja yangu, na mengine yote katika makala haya ni ushahidi wake.

Kwa sisi wa Buhaya ushahidi mzuri kuliko wote ni kahawa. Robusta ilikuwapo kwetu kabla ya Mjerumani. Ilichemshwa, ikakaushwa, ikatafunwa. Mgeni alikaribishwa kwayo, na waliochanjana damu ya udugu waliila pamoja. Arabika ililetwa na wamisionari. Kama kivumishi kingekuwa na maana yake ya kamusi, kahawa ya kienyeji ingekuwa robusta peke yake. Lakini sheria ya mwaka 1937 ya kudhibiti na kuuza kahawa ya wenyeji haikuhusu mmea wowote. Ilihusu mkulima. Mche ulioletwa kwa meli uligeuka kuwa wa kienyeji mara tu Mhaya alipoupanda, na mche wa mababu zetu ungeacha kuwa wa kienyeji kama ungepandwa na mlowezi. Mwaka huohuo wa 1937 palitokea ghasia Bukoba, wakulima wakipinga kanuni mpya za kutunza kahawa. Serikali iliziona kanuni hizo kuwa za kitaalamu. Wakulima waliona kuwa amri ya kumwingilia mtu katika kibanja chake inawafuata wao tu.

Ingekuwa rahisi kusema kwamba neno hili lilikuwa la wakoloni na wazee wetu walilichukia. Historia haikubali urahisi huo. Mwaka 1924 akina Klemens Kiiza walianzisha Umoja wa Wahaya wa Bukoba, wakajiita kwa jina la watu wao. Mwaka 1929, Dar es Salaam, kikaanzishwa Chama cha Waafrika, ambacho nacho kilichagua jina la bara zima na kuliacha lile la serikali. Lakini wakulima wa kahawa walilichukua neno lenyewe na kulitundika mlangoni. Kilimanjaro walikuwa na chama cha wapandaji wenyeji mwaka 1925, kikazaa mwaka 1933 Kilimanjaro Native Co-operative Union, yaani KNCU. Bukoba Native Co-operative Union, chama cha kwenye stakabadhi ya baba, kilisajiliwa mwaka 1950. Katika majina hayo neno lilikuwa na maana nyingine kabisa: kahawa hii ni yetu, na mizani hii ni yetu, si ya mfanyabiashara wa mjini. Nilimkumbuka baba alivyokuwa akilitamka, "neitivu", bila chembe ya unyonge. Kwake lilikuwa jina la mahali alipolipwa bila kupunjwa.

Miaka ya hamsini serikali yenyewe ilianza kuona haya. Mwaka 1951 ilitungwa sheria mpya ya mahakama, na mahakama za wenyeji zikaitwa za mitaa. Mwaka 1953 ilifuata sheria ya serikali za mitaa. Kivumishi kimoja kikawa kinaondolewa polepole katika vitabu na kingine kupachikwa. Baada ya uhuru ufagio ulikuwa mkali zaidi: mwaka 1963 mamlaka ya machifu yalifutwa, na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka huo ikaleta mahakama za mwanzo kwa watu wote. Tayari Oktoba 1961, katika mjadala wa muswada wa uraia, Nyerere alikuwa ameliambia Bunge kwamba yuko tayari kujiuzulu kuliko kukubali uraia uegemee rangi ya ngozi. Januari 1964 akautangaza mwisho wa sera ya kuwapendelea raia weusi katika ajira serikalini. Watumishi wa umma wanaosoma hapa wakumbuke kwamba uamuzi huo haukumpatia sifa. Wengi walionyimwa vyeo na ukoloni kwa sababu ya kivumishi waliona ni zamu yao kunufaika nacho.

Chama chetu cha kahawa nacho kiliacha neno hilo kikawa Bukoba Co-operative Union. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikafufuliwa baadaye, na leo tunacho Kagera Co-operative Union kilichosajiliwa upya mwaka 1990. Wenzetu wa Kilimanjaro walilibakiza. KNCU bado ina "native" katikati ya jina lake, na sijasikia Mchaga anayeona kuwa ametukanwa.

Je, basi, neno limekufa? Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wangu wanaharakati wasikimbilie kushangilia. Neno liliondoka, kazi yake ikabaki na kupewa mtumishi mwingine. Mtumishi huyo anaitwa "kimila".

Mwaka 1945 kilichapishwa kitabu cha sheria za kimila za Wahaya, kazi ya Hans Cory na M. M. Hartnoll. Cory alikuwa mzaliwa wa Vienna aliyekuja kuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya Tanganyika. Simdharau, alikaa na wazee, akawasikiliza, na kitabu chake bado kina manufaa. Lakini kinachosemwa barazani hupinda kulingana na watu na mambo, na kinachochapishwa husimama. Wazee walioulizwa walikuwa wanaume, wenye vyeo na vibanja. Desturi iliyokuwa inajadiliwa kila msimu ikawa kifungu chenye namba, tena kwa Kiingereza.

Baada ya uhuru, Tamko la Sheria za Kimila la 1963 liliweka kanuni za urithi, na kanuni ya 20 ikasema kwamba mwanamke anaweza kurithi ardhi ya ukoo kwa kuitumia maisha yake yote, ila hawezi kuiuza. Hakuna tena "native" katika kanuni hiyo. Lakini jiulize inafanya nini. Inamchukua raia mmoja na kumwambia kwamba kwa jambo hili, wewe una sheria yako na mahakama isikusikilize kama inavyomsikiliza mwingine.

Kanuni hiyo ilijaribiwa hapahapa Kagera. Mwaka 1988 mwanamke mmoja aliyerithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake aliiuza kwa shilingi 300,000. Mtoto wa ndugu yake akafungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, Muleba, akidai kwamba mwanamke wa Kihaya hana mamlaka ya kuuza. Mahakama ya mwanzo ikatengua mauzo. Mahakama ya wilaya ikayarudisha, ikitaja haki zilizomo katika Katiba. Shauri likafika Mahakama Kuu ya Mwanza, na Februari 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba kanuni ile inabagua, inakwenda kinyume cha Katiba na mikataba ambayo nchi imeiridhia, na kwamba mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume. Kila mwanafunzi wa sheria analijua shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo ikaweka wazi kuwa haki ya mwanamke katika ardhi ni sawa na ya mwanamume. Tunazo leo hatimiliki za kimila zenye majina ya wanawake. Kivumishi kimeanza kufundishwa adabu.

Kipo kivumishi kingine kinachohitaji adabu hiyo. Miaka ya tisini, uchumi ulipofunguliwa, mjadala wa "uzawa" ulirudi kwa nguvu. Iddi Simba alikuwa miongoni mwa waliousimamia. Swali lao halikuwa la kipuuzi: mtu asiyekuwa na mtaji atashindanaje na aliyeurithi? Serikali ilijibu kwa Sheria ya Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi ya 2004, na uchaguzi wa neno "wananchi" badala ya "wazawa" ulikuwa na maana yake: uliuhamisha mpaka kutoka kwenye ngozi kwenda kwenye uraia.

Lakini katika mkoa wa mpakani, hata uraia huweza kurudishwa kwenye damu. Kahawa ya Buhaya ilipaliliwa na mikono mingi iliyotoka Rwanda na Burundi. Wengine walirudi kwao, wengine walioa, wakazikwa hapa. Mwaka 2013 ilipofanyika Operesheni Kimbunga dhidi ya wahamiaji haramu katika Kagera, Kigoma na Geita, maelfu walivuka mpaka, na miongoni mwao walikuwamo watu walioishi nchini miongo mingi. Serikali yoyote ina haki ya kujua nani yumo nchini mwake, sibishani na hilo. Ninachosema ni kwamba, katika nyakati kama hizo, lafudhi na umbo la pua hugeuka kuwa hati. Mjukuu wa mtu ambaye mwaka 1930 sheria ilimhesabu kuwa mwenyeji bila kumuuliza alikotoka, leo anaulizwa babu yake alitoka wapi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji akishapona amuulize mgeni cheti.

Nirudi Kibeta. Wazee walipowasili tuliweka sanduku kando, tukaketi. Shangazi yangu, aliyerudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika, alikuwa amelima sehemu ya chini ya kibanja kwa zaidi ya miaka ishirini, na baba alikuwa amempa kwa maneno mbele ya watu. Mzee mmoja wa ukoo akasema, kwa upole kabisa, kwamba hakuna anayemfukuza. Alime hadi afe, lakini jina lisiandikwe lake, kwa kuwa ndiyo mila yetu ya kuzaliwa nayo. Sikumjibu kwa hukumu ya Mwanza. Nilimuuliza tu kama anakumbuka mila ile aliisikia wapi. Akafikiri kwa muda. Akasema aliisikia barazani enzi za machifu, ikisomwa na karani.

Ikisomwa! Shangazi alicheka kidogo, akajifunika kanga mdomoni. Hatukumaliza siku ile. Tumeahirisha hadi Desemba, na sina hakika ya mwisho wake. Baadhi ya ndugu hawajapendezwa na maswali yangu, na wana haki ya kutopendezwa.

Kwa binti yangu aliyeuliza, jibu langu ni hili. "Native" kwenye stakabadhi ya babu yako ni sisi, na lilikuwa jina zuri kwa sababu tulijipa wenyewe tukiwa tumesimama kwenye mizani yetu. "Native" katika kitabu cha sheria pia ni sisi, na lilikuwa jina baya kwa sababu lilitufungia mlango. Siku utakapokuwa hakimu, au mtumishi wa halmashauri, au mwenyekiti wa kikao cha ukoo, utakutana na vivumishi vingi vya Kiswahili vinavyofanya kazi hiyohiyo: mzawa, mwenyeji, wa kimila, wa kuja. Usiishie kuuliza vina maana gani. Uliza nani amevitamka, na nani atatoka nje ya chumba baada ya kutamkwa. Na Desemba njoo Kibeta mapema, ukae karibu na shangazi.